Vinyama vya utumbo vinavyorithiwa: kuukinga ukoo kabla saratani haijaanza

Ukoo ambao watu wawili watatu wamekufa kwa "tumbo" kabla ya kufika miaka 50, na mwingine anatibiwa bawasiri mwaka wa tatu bila kupona, unapaswa kumuuliza daktari swali moja: je, sisi tuna FAP? Herufi hizo tatu ndizo utakazoziona kwenye makaratasi ya hospitali. Ni hali ya kurithi inayoujaza utumbo mpana vinyama, ambavyo kitaalamu huitwa polipu, kuanzia mia moja hadi maelfu. Huanza kuota mtu akiwa mtoto au kijana, kwa wastani akiwa na miaka 16 hivi, bila maumivu yoyote. Kinyama kimoja kimoja huchukua miaka mingi kubadilika. Shida ni wingi wake, kwani kati ya elfu moja hakikosi kimoja cha kugeuka. Asiyetibiwa karibu lazima atapata saratani ya utumbo mpana, na wengi huipata wakikaribia miaka 40.

Swali linaloulizwa zaidi ni ale nini. Ale kama watu wengine wanavyopaswa kula. Hakuna mboga, mbegu wala dawa ya kusafisha tumbo inayozuia vinyama hivi kuota. Kinga yake ni kalenda: nani apimwe, akiwa na umri gani, kwa kipimo kipi, na utumbo utolewe lini.

Kwanza, usichanganye na mengine

Damu kwenye choo ina sababu nyingi. Mtoto wa miaka 2 hadi 10 anayetoa damu bila maumivu mara nyingi ana kinyama kimoja cha kitoto, hukatwa na habari ikaishia hapo. Kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha matumbo huweza kuleta damu na hata vinyama. Kwa hiyo neno "polipu" kwenye ripoti halitoshi. Tafuta neno "adenoma", yaani aina ya kinyama kinachoweza kugeuka saratani, katika majibu ya maabara ya nyama iliyokatwa, kisha tafuta idadi. Adenoma kumi au zaidi kwa mtu mmoja, hasa kijana, ni sababu tosha ya kuulizia urithi.

Kuna dalili za nje ya utumbo ambazo familia huzijua bila kuziunganisha: uvimbe mgumu wa mfupa kwenye taya au paji la uso, meno ya ziada, vivimbe vingi chini ya ngozi tangu utotoni. Daktari wa macho anaweza kuona mabaka meusi nyuma ya jicho, ambayo hayazuii kuona. Mtu akiwa na hayo na ndugu yake alikufa kwa saratani ya utumbo akiwa kijana, asisubiri damu.

Kosa lenyewe liko kwenye jeni, yaani kipande cha maelekezo ya mwili tunachorithi kwa wazazi, iitwayo APC, iliyotambuliwa mwaka 1991. Ni jeni, si jini, ingawa ziko koo zilizomaliza ng'ombe kwa waganga zikimtafuta huyo wa pili. Mzazi mwenye kosa humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu, wa kiume kwa wa kike sawa. Watoto wanne wanaweza kurithi wote, au asirithi hata mmoja. Kila mimba ni kurusha shilingi upya. Na haliruki kizazi: asiyelirithi hana cha kuwapa wanawe. Kati ya wagonjwa wanne au watano, mmoja hivi ni wa kwanza kwao, wazazi wake wazima kabisa, lakini watoto wake yeye wamo hatarini kama wengine.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu unaotokana na jeni ya MUTYH. Huo unahitaji kosa kutoka kwa baba na kutoka kwa mama kwa pamoja, hivyo wazazi huwa wazima na watoto wa tumbo moja ndio huugua, kila mmoja kwa nafasi ya moja kwa nne. Familia ambazo binamu huoana, jambo la kawaida Pwani, zimwambie daktari mapema, kwa sababu hapo ndipo makosa mawili yanayofanana hukutana kwa urahisi.

Hatua ya 1: Chora ukoo

Chukua karatasi kubwa. Mwanamume ni mraba, mwanamke duara, aliyekufa pigwa mstari wa mshazari. Weka vizazi vitatu: babu na bibi, wazazi pamoja na shangazi, baba wadogo, mama wadogo na wajomba, kisha watoto wote. Kwa kila mmoja andika mambo manne: alizaliwa lini, aliugua nini, akiwa na umri gani, alitibiwa hospitali ipi. Umri ndio wenye uzito kuliko yote, maana saratani ya utumbo kwa mzee wa miaka 75 ni jambo jingine kabisa.

Wazee hawatasema "saratani ya utumbo". Watasema alivimba tumbo, alikuwa anatoa damu, alifungwa choo, alirogwa. Andika walivyosema, usisahihishe. Uliza pia, "Aliwahi kupasuliwa? Alikuwa na mfuko ubavuni?" Mfuko wa haja watu huukumbuka hata kama jina la ugonjwa walishalisahau.

Watoto wa nje wawekwe kwenye mchoro. Hapa familia nyingi hufanya makosa, kwa aibu tu. Mtoto wa baba mgonjwa aliyezaliwa nyumba nyingine ana nafasi ileile ya nusu kwa nusu, na hana hata wa kumpigia simu.

Hatua ya 2: Kipimo cha jeni kianze kwa mgonjwa

Mpangilio huu hauna mbadala. Anayepimwa kwanza ni mwenye vinyama, kwa sababu ndani yake ndimo kosa la ukoo linapoweza kuonekana. Huchukuliwa damu mililita 3 hadi 5 kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, au mate. Kwa Afrika Mashariki sampuli mara nyingi hutumwa nje ya nchi, kwa hiyo uliza mapema gharama, muda wa majibu, na nani atakayeyasoma pamoja nawe. Agiza jeni za APC na MUTYH zisomwe zote, na uliza kama maabara inatafuta pia vipande vikubwa vya jeni vilivyopotea. Usomaji wa kawaida wa herufi moja moja huvikosa.

Majibu huja kwa sura tatu. Ya kwanza, kosa limepatikana: sasa ndugu wengine watafutiwe kosa hilohilo tu, kipimo kidogo na cha bei nafuu kuliko cha kwanza. Asiyekuwa nalo anatoka kwenye orodha yeye na watoto wake, na anabaki na uchunguzi wa kawaida wa mtu mzima yeyote. Ya pili, hakuna kilichopatikana ingawa mgonjwa ana vinyama mamia: hapo ugonjwa upo, kosa tu ndilo halijaonekana, na ndugu wote wa karibu huendelea kupimwa kwa kamera inayoingizwa utumboni kupitia njia ya haja kubwa. Ya tatu ni badiliko lisilojulikana maana yake. Hilo lisitumike kumwachilia wala kumtia hatiani ndugu yeyote.

Kosa linalojirudia ni kaka mzima mwenye uwezo wa fedha kupimwa wa kwanza, akaambiwa hana kitu, akafurahi. Kama kosa la ukoo halijajulikana, hilo "hana kitu" halina maana.

Ukoo usiomudu kipimo cha jeni usikate tamaa. Kamera peke yake inatosha kuwalinda watu. Gharama yake ni kwamba hata wasiorithi watapimwa kwa miaka mingi bila sababu.

Hatua ya 3: Kuwaambia ndugu

Usiandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kuna mabinti wanaotarajia posa humo, na habari ikishatoka hairudi. Mpigie mtu mmoja mmoja, kisha mfuatishie ujumbe wa kuhifadhi. Mfano:

"Shikamoo shangazi. Majibu ya baba yametoka, ni vinyama vya kurithi kwenye utumbo mpana. Kwa kuwa wewe na baba ni damu moja, daktari anaomba na wewe upimwe. Wanao watasubiri majibu yako. Hata kama huumwi, kipimo kinahitajika. Nina barua ya daktari na nakala ya majibu, nitakuletea Jumamosi."

Barua hiyo na nakala ndivyo vyenye kazi. Daktari wa wilaya asiyemjua mgonjwa wa kwanza atamwambia shangazi kwamba ni mzima arudi nyumbani, mpaka aione karatasi.

Hatua ya 4: Umri wa kuanza

Kwa FAP ya kawaida, mtoto wa mzazi mgonjwa hupimwa jeni akiwa na miaka 10 hadi 12, na kamera ya kwanza huanza kati ya miaka 10 na 14. Miongozo ya Marekani huanza mapema kidogo kuliko ya Ulaya. Mwanzoni kamera fupi inayofika upande wa kushoto wa utumbo hutosha, kwa kuwa vinyama vya FAP ya kawaida karibu kila mara huwapo kwenye puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Hurudiwa kila baada ya mwaka 1 hadi 2. Kinyama cha kwanza kikionekana, hubadilishwa kuwa kamera ndefu ya utumbo mpana wote, kila mwaka. Mtoto anayetoa damu, anayeharisha kwa muda mrefu au aliyepungukiwa damu hupimwa mara moja, hata kama ana miaka 8.

Ipo aina ya taratibu, yenye vinyama chini ya 100, vingi vikiwa upande wa kulia na puru ikiwa safi. Hiyo kamera fupi inaweza kuikosa kabisa. Huhitaji ndefu tangu siku ya kwanza. Ya MUTYH huanza kuchunguzwa baadaye, kati ya miaka 18 na 30 kutegemea mwongozo unaofuatwa.

Vipimo visivyofaa hapa ni kile cha kutafuta damu iliyojificha kwenye choo, picha ya eksirei kwa dawa nyeupe, na CT. Vyote huweza kupita juu ya vinyama vya milimita 2 au 3 kama havipo.

Hatua ya 5: Kusafisha utumbo, mahali kipimo kinapoharibikia

Kamera nzuri kwenye utumbo mchafu ni pesa iliyotupwa. Siku 3 kabla, acha dona, maharage, mahindi, karanga, mboga za majani, na matunda yenye mbegu ndogo kama mapera na pasheni. Mbegu huziba mrija wa kunyonya wa kamera. Kula wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki, viazi vilivyomenywa. Vidonge vya kuongeza damu viachwe siku 7 kabla, kwa sababu madini ya chuma huacha tope jeusi linaloganda ukutani mwa utumbo. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu au za kisukari amuulize daktari wake kwanza, asiache kwa uamuzi wake.

Siku ya mwisho ni vimiminika vinavyopitisha mwanga tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu. Visiwe vyekundu; juisi ya rozela huonekana kama damu kwenye kamera.

Dawa salama ni poda ya makrogoli inayochanganywa na maji, lita 4 kwa mtu mzima, ikigawanywa mara mbili. Tuseme kipimo ni saa 4 asubuhi. Lita 2 za kwanza anza saa 12 jioni, glasi ya mililita 250 kila dakika 15, utamaliza saa 2 usiku. Lita 2 za pili anza saa 11 alfajiri, umalize saa 1 asubuhi. Baada ya hapo usinywe kitu. Ikiwekwa kwenye baridi hunyweka vizuri zaidi. Kichefuchefu kikija pumzika nusu saa, uendelee. Mtoto hupewa kwa uzito wake, kamwe asigawiwe kipimo cha mtu mzima kwa kukisia.

Wengi huacha njiani wakishaharisha mara tano sita, wakidhani wameshasafika. Angalia rangi. Kahawia yenye chembechembe: endelea. Rangi ya chungwa yenye mawingu: bado. Manjano angavu kama mkojo wa mtu aliyekunywa maji ya kutosha, ukiona mpaka sakafu ya choo: tayari. Ile sehemu ya alfajiri ndiyo inayosafisha upande wa kulia, nako ndiko aina ya taratibu inakojificha.

Ukipewa manitoli kwa kusafishia, mwambie daktari kwamba huenda vinyama vitakatwa. Bakteria huichachua sukari hiyo ikatoa gesi, na kifaa cha kukatia cha umeme kinaweza kuilipua ndani ya utumbo. Dawa za fosfeti nazo huumiza figo, hasa kwa asiyekunywa maji ya kutosha.

Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na usiendeshe gari wala bodaboda kwa saa 24 kama ulipewa dawa ya usingizi. Kama vinyama vilikatwa, damu inaweza kutoka hata wiki 2 baadaye. Tumbo likikakamaa, likiuma sana au homa ikipanda, ni kurudi hospitali usiku huohuo.

Hatua ya 6: Usiondoke bila ripoti

"Vinyama vingi vimeonekana" si ripoti. Dai iandikwe: kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana au iliishia wapi, usafi ulikuwaje, idadi kwa kukadiria (chini ya 20, hadi 100, hadi 1000, zaidi), kikubwa zaidi ni milimita ngapi, na vilivyo kwenye puru vihesabiwe peke yake. Hiyo idadi ya puru ndiyo itakayoamua aina ya upasuaji. Kisha fuatilia majibu ya nyama, maana mengi hubaki kwenye droo ya maabara yakisubiri mwenyewe.

Hatua ya 7: Upasuaji wa kinga

Vinyama vikifika mamia, kuvikata kimoja kimoja hakuwezekani tena. Utumbo mpana hutolewa ukiwa bado mzima, mara nyingi kati ya miaka 15 na 25. Huharakishwa kama kuna kinyama kikubwa, chembe zilizoanza kubadilika sana, damu nyingi, au idadi inayopanda kwa kasi kati ya kamera mbili. Visipokuwapo hivyo, familia inaweza kungoja mtihani wa kidato cha nne upite.

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza hutoa utumbo mpana lakini huacha puru, kisha utumbo mdogo huungwa nayo. Inafaa puru ikiwa na vinyama chini ya 20 hivi. Choo huwa mara 3 au 4 kwa siku, na viungo vya uzazi havisumbuliwi sana. Ya pili hutoa vyote, na daktari hutengeneza kifuko kwa utumbo mdogo na kukiunga chini. Inalinda zaidi, ila choo ni mara 4 hadi 6, pengine na usiku, na hupunguza uwezo wa mwanamke kushika mimba. Binti ambaye bado anataka watoto aelezwe hilo kabla ya kusaini, na aelezwe yeye, si baba yake tu. Mwanamume naye aulize kuhusu mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume. Mfuko wa haja wa kudumu ni njia ya tatu, kwa wenye saratani ya chini kabisa au wasiofaa kuungwa.

Sulindaki na selekoksibu hupunguza idadi na ukubwa wa vinyama. Hazichukui nafasi ya upasuaji: ukiacha hurudi, na saratani imewahi kuota kwa watu wakiwa wanazinywa. Huumiza tumbo, na selekoksibu huongeza hatari ya moyo, kwa hiyo si dawa za kujinunulia duka la dawa la mtaani.

Nyumbani baada ya upasuaji, adui wa kwanza ni kukauka maji, kwa kuwa utumbo mpana ndio uliokuwa unayafyonza. Weka pakiti za ORS, au changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Maji matupu mengi huongeza kuharisha kwa mtu mwenye mfuko, jambo ambalo wauguzi wa nyumbani hawalitegemei.

Hatua ya 8: Kinachobaki baada ya utumbo mpana kutoka

Hapa ndipo watu wanapopotea, wakiamini wameshapona. Puru iliyobaki huangaliwa kila miezi 6 hadi 12, na kifuko kila mwaka 1 hadi 2, maisha yote.

Sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, inayofuata tumbo la chakula, nayo huota vinyama, na saratani yake ni miongoni mwa zinazowaua wagonjwa waliokwisha kupasuliwa. Kamera ya juu huanza miaka 20 hadi 25. Omba tundu la nyongo, mahali nyongo inapoingilia utumboni, liangaliwe mahususi, ikibidi kwa kamera inayotazama pembeni, kwa sababu ile ya kawaida inatazama mbele na hulipita. Daktari atakupa daraja la Spigelman, linaloonyesha uzito wa vinyama hivyo, 0 hadi IV. Mwongozo wa Ulaya hurudia kila miaka 5 kwa daraja 0 na I, miaka 3 kwa II, mwaka 1 kwa III, miezi 6 kwa IV. Vinyama vingi vidogo vya tumbo la chakula lenyewe, vya tezi za sehemu yake ya juu, kwa kawaida si vya kutisha.

Tezi ya shingo ipigwe ultrasound kuanzia mwishoni mwa ujana, hasa kwa wanawake. Mtoto mdogo wa ukoo huu akivimba upande wa kulia wa tumbo kabla ya miaka 5, aangaliwe ini. Ni nadra, ila ipo.

Mwisho ni uvimbe uitwao desmoidi, unaoota ndani ya tumbo au kwenye kovu, mara nyingi ndani ya miaka michache baada ya upasuaji. Hausambai kama saratani lakini hubana matumbo na mirija ya mkojo, na kuukata huweza kuufanya urudi na nguvu. Ukiona bonge gumu karibu na kovu, taka CT au MRI na maoni ya daktari aliyewahi kuuona kabla ya mtu yeyote kushika kisu. Kama ndugu yenu mmoja aliwahi kuupata, mpasuaji aambiwe kabla ya kupanga tarehe, kwa kuwa hilo huweza kumfanya aahirishe upasuaji wa kinga au achague njia nyingine.